Aproni ya Washington na usiku wa Canandaigua

Tarehe 18 Septemba 1793 George Washington alijifunga aproni ya Freemason, chama cha udugu chenye siri na viapo, mbele ya umati, akaweka jiwe la msingi la Capitol, jengo la Bunge la Marekani. Hakujificha, na magazeti yaliandika. Miaka minne kabla, alipoapishwa urais jijini New York, Biblia ilitoka katika loji, yaani tawi la chama, ya St. John's, na aliyemwapisha, Robert Livingston, ndiye aliyekuwa mkuu wa Freemason wa jimbo hilo. Anayesema chama hiki kilikuwepo taifa lile likizaliwa hasemi uongo. Ninabishana naye anapotoka kwenye "walikuwemo" na kurukia "waliendesha kila kitu".

Majina hayana ubishi. Benjamin Franklin, mwasisi mwingine wa taifa, aliingia 1731, na kufikia 1734 alikuwa akiongoza Freemason wa Pennsylvania. Marais 14 walikuwa wanachama, wa kwanza Washington, wa mwisho Gerald Ford. Jeshini wamo majenerali Pershing na MacArthur. Ukiyapanga hivyo, ni rahisi kuona mkono mmoja nyuma ya yote.

Lakini John Adams na Thomas Jefferson, marais wa pili na wa tatu, hawakuwemo. Benedict Arnold, jenerali aliyekubali kuwauzia Waingereza ngome ya West Point mwaka 1780, alikuwa Freemason kama Washington aliyemsaliti. Na tazama uchaguzi wa urais wa 1832: Andrew Jackson, aliyepata kuwa mkuu wa Freemason wa Tennessee, alipambana na Henry Clay, aliyepata kuwa mkuu wa Kentucky. Wawili hao walichukiana kwa miaka mingi, na mwaka huo waligombana vikali juu ya benki ya taifa. Loji iliwapa watu kujuana na kuaminiana. Msimamo wa kisiasa kila mtu alikuja na wake.

Jicho na piramidi la noti ya dola 1, ambalo mitaani kwetu huletwa kama ushahidi kila mtu anapotajirika ghafla, halinipotezei muda. Franklin alikaa katika kamati ya kwanza ya nembo ya taifa mwaka 1776, na alichopendekeza si jicho bali ni Musa ufukweni na Farao akizama katika Bahari ya Shamu.

Wanaokishuku chama hiki wana hoja nzito kuliko jicho hilo, nayo iko katika jimbo la New York, mwaka 1826. William Morgan, fundi mwashi wa mji wa Batavia, alitangaza kwamba atachapa kitabu cha kufichua siri za loji. Septemba akawekwa ndani katika mji wa Canandaigua kwa deni lisilofika dola 3. Usiku wa tarehe 12 walikuja watu, deni likalipwa, mlango ukafunguliwa. Alipotoka tu wakamkamata. Alipiga kelele, akasukumwa ndani ya gari la farasi, likaondoka kuelekea magharibi. Alifikishwa Fort Niagara, mpakani na Kanada, na baada ya hapo hakuonekana tena.

Washtakiwa wa kwanza walitiwa hatiani kwa kumteka, wakapewa vifungo vya kuanzia mwezi mmoja hadi miaka miwili. Sherifu wa Niagara, Eli Bruce, naye Freemason, alikuja kufungwa kwa kuhusika. Kwa mauaji hakutiwa hatiani mtu. Gavana DeWitt Clinton, aliyewahi kuwa mkuu wa Freemason wa jimbo, alitangaza zawadi kwa atakayeleta habari za Morgan, na hilo lihesabiwe upande wake. Hata hivyo wananchi waliuliza swali la haki kabisa: ikiwa sherifu na mtuhumiwa wamekula kiapo kimoja cha kusaidiana, mjane wa Morgan aende kulia kwa nani? Hasira hiyo ilizaa chama kilichojiita Anti-Masonic. Mwaka 1831 kilifanya Baltimore mkutano mkuu wa kitaifa wa kuteua mgombea urais, wa kwanza nchini humo, na vyama vikubwa vikaiga. Mgombea wake, William Wirt, aliambulia jimbo la Vermont peke yake.

Kwangu doa kubwa zaidi la chama hiki ni jinsi kilivyomtendea Prince Hall, mtu mweusi wa Boston. Machi 1775 huko Boston yeye na watu weusi wenzake 14 waliingizwa chamani na loji ya wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kuruhusu loji yao waliipata London mwaka 1784, si kwa ndugu wazungu wa nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka 1777, Hall alitia saini ombi la kutaka Massachusetts ikomeshe utumwa, kwa hoja ileile ya uhuru iliyowapeleka Wamarekani vitani. Chama kilichohubiri udugu wa watu wote kiliwakataa hawa kwa karne mbili. Utambuzi wa loji za weusi uliodumu ulianzia Connecticut, mwaka 1989. Harry Truman, aliyeamuru mwaka 1948 ubaguzi ukomeshwe jeshini, alikuwa mkuu wa Freemason wa Missouri miaka minane tu kabla. Loji za weusi za jimbo lake mwenyewe alikufa zikiwa hazijatambuliwa.