Mwaliko wa Alhamisi kwa Usaili wa Jumatatu

Mwaliko umetoka Alhamisi jioni. Usaili wenyewe, wa kutafuta wachezaji wa baleti, ni Jumatatu, saa nne asubuhi, katika mji mdogo wa Ujerumani ambao ukishuka kwenye ndege bado una treni mbili mbele yako. Barua ina mistari sita: njoo na viatu vya ncha (vile vya kusimamia ncha za vidole), njoo na wasifu na picha, gharama za safari ni zako. Aliyetumiwa ni binti wa Nairobi mwenye pasipoti ya Kenya. Barua imezungushwa kwenye simu za wazazi na walimu wa baleti, na kila aliyeisoma ametuma pongezi. Sioni cha kupongeza. Kwa binti yule, barua ya namna hiyo ni kukataliwa, na jumba la maonyesho lililoituma litaendelea kuamini kwamba lilimpa nafasi.

Hesabu ni hizi. Ombi la visa ya Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ubalozi una siku 15 za kuamua, na ukitaka kuchunguza zaidi unaweza kufikisha 45. Kabla ya hapo kuna kusubiri miadi ya kupeleka karatasi na kuchukuliwa alama za vidole. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000. Taarifa za benki, pa kulala, tiketi ya kurudi, na barua ya mwaliko, ile ile iliyotoka Alhamisi. Kati ya Alhamisi jioni na Jumatatu saa nne kuna siku moja tu ya kazi. Mchezaji wa Lyon au Milano atapanda treni Jumapili na kufika. Wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hata akiwa na mguu bora kuliko wote ukumbini, hatakuwepo ukumbini.

Wenye majumba hujibu kwamba kazi yao haitabiriki. Hapo ndipo ninapokasirika, maana Ujerumani, ambako wachezaji wengi hukimbilia kwa kuwa ina majumba ya umma zaidi ya mia moja na mengi yana kundi lake la dansi, kalenda inatabirika kuliko mahali pengi. Mikataba ya wachezaji chini ya NV Bühne, makubaliano ya ajira ya majumba hayo, huwa ya msimu mmoja mmoja, na hujiongeza yenyewe isipokuwa upande mmoja utoe taarifa ya kutoongeza, mwisho tarehe 31 Oktoba. Aliyekaa zaidi ya miaka minane huambiwa mapema zaidi, ifikapo 31 Julai ya msimu uliotangulia. Maana yake Novemba inapoanza, mkurugenzi tayari ana picha ya nani anaondoka. Anajua kama anatafuta mwanamke wa sentimita 168 au mwanaume anayeweza kumbeba. Saili nyingi hufanyika Januari hadi Machi. Kuna wiki saba hivi za kuangalia video, kuchagua watu arobaini na kuwaandikia kabla ya Krismasi. Mwaliko wa tarehe 15 Desemba kwa usaili wa katikati ya Februari unamwachia mtu wa visa miezi miwili. Haimgharimu mkurugenzi hata senti moja, ila nidhamu ya kufungua barua pepe mapema.

Nakubali, shingo upande, kwamba mambo hutokea katikati. Mchezaji anakatika mshipa wa kisigino Januari. Mwingine anapata nafasi kundi kubwa zaidi na kuaga. Nafasi kama hizo hutafutiwa mtu kwa haraka na hakuna wa kulaumiwa. Lakini mwaliko wa waombaji wote, kwa usaili uliotangazwa tangu Novemba, kuchelewa hadi siku nne kabla, huo ni uzembe, na anayeulipia ni yule aliye mbali zaidi.

Basi wachezaji wetu hufanya wanachoweza: wanaomba visa kabla ya kujua wataitwa wapi. Wanachukua mialiko miwili au mitatu iliyowahi, wanapanga safari ya wiki nane, na kuomba Mungu mingine ije wakiwa tayari huko. Mpango huo unafaa, lakini una mashimo ambayo lazima yajulikane kabla ya kulipa ada.

La kwanza ni siku. Schengen inakupa siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Wiki nane ni siku 56. Ukipata mwaliko wa mzunguko wa pili mwezi Aprili, una 34 tu zilizobaki, na hapo ni kama visa yenyewe ilitolewa kwa siku zote 90. La pili ni idadi ya kuingia. London haimo Schengen, Zurich imo. Mwenye visa ya kuingia mara moja akitoka Berlin kwenda usaili London hawezi kurudi Paris, hata kama siku zake hazijaisha, kwa hiyo omba ya kuingia mara nyingi na uambatanishe mwaliko wa London kama sababu. Uingereza nayo inataka visa yake. Ya mgeni wa kawaida inaruhusu kushiriki usaili. La tatu ni ubalozi upi. Sheria ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Anayegawa safari siku tano Ujerumani, tano Ufaransa na tano Uholanzi anajitafutia maswali dirishani. Weka kituo kimoja, lala hapo usiku mwingi, toka na kurudi.

Ndani ya Ujerumani, tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket inasaidia. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, kisha 63 Januari 2026. Inapanda treni za mikoa, tramu na mabasi ya miji, lakini haipandi ICE, treni za kasi za masafa marefu, na ukikamatwa ndani ya ICE nayo utalipa faini. Ni usajili unaojiendeleza, hivyo usipoufuta kabla ya tarehe 10 utakatwa mwezi unaofuata. Leipzig hadi Dresden kwa treni ya mkoa inatosha. Munich hadi Berlin kwa treni za mikoa ni kujiua: unabadilisha mara kadhaa, unakaa kutwa nzima, na nyonga zinafunga. Basi la usiku ni rahisi kwa mfuko lakini usilipande usiku wa kuamkia usaili. Mtu aliyekunjwa kwenye kiti saa tisa hafunguki kwa dakika ishirini za kujinyoosha, na baridi ya Februari inamaliza kilichobaki. Fika jana yake kabla ya giza. Kama fedha ya kulala usiku mmoja wa ziada haipo, ni afadhali kupunguza usaili mmoja kwenye orodha kuliko kufika kwenye mitatu ukiwa nusu mtu.

Viatu vya ncha havipelekwi kwenye buti la ndege, kamwe. Leotadi, vazi la kubana la mazoezi, inaweza kununuliwa mji wowote. Kiatu cha ncha ni cha mguu wako: upana, urefu wa kikombe cha mbele, ugumu wa ubao wa chini, na pengine alama ya fundi aliyekitengeneza. Begi likipotea Frankfurt, usaili umekwisha. Beba jozi tatu mkononi: moja iliyozoea mguu kwa ajili ya darasa, moja laini iliyokaribia kufa kwa ajili ya ufito (mti wa kushikilia wakati wa mazoezi) na miruko midogo, na moja mpya iliyokwisha kushonwa riboni na lastiki. Kushona usiache kwa ajili ya hosteli. Uzi wa kusafishia meno ndio unaoshika kuliko uzi wa nguo. Mkasi wenye makali yasiyozidi sentimita 6 unapita ukaguzi wa Ulaya, dawa ya nywele iwe chupa ya mililita 100 kushuka. Kikombe cha kiatu ni kitambaa, karatasi na gundi. Jasho linakilainisha na kinahitaji hewa ili kikauke. Kukifunga kwenye mfuko wa plastiki baada ya darasa, halafu kukivaa kesho yake asubuhi, ndiko kunakofanya mtu azame juu ya kidole gumba katikati ya pirueti, akizunguka kwa mguu mmoja. Mfuko wa wavu, na ukifika chumbani vitolewe. Halafu miguu huvimba baada ya saa nane za ndege, kwa hiyo kiatu kinachobana siku ya kufika usikihukumu siku hiyo.

Kuhusu rangi niseme mara moja. Tangazo linaloandika "taiti za waridi" kwa wanawake wote linakata mstari wa mguu wa mchezaji mweusi kiunoni. Arthur Mitchell alianzisha Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la New York, mwaka 1969, na wachezaji wake wakaja kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao. Freed of London, watengenezaji wa viatu vya baleti, walianza kuuza viatu vya ncha vya kahawia na shaba mwaka 2018, kwa kushirikiana na Ballet Black, kundi la London la wachezaji weusi na wa asili ya Asia. Kisingizio cha kwamba havipatikani kimeisha. Vaa rangi yako.

Sasa tufike ukumbini. Darasa la usaili ni dakika 90 hivi: ufito, kisha katikati ya ukumbi bila kushika kitu, kisha miruko. Namba unabandikwa kifuani kwa pini nne. Usisimame mwisho wa ufito, maana mkigeuka upande wa pili wewe ndiye unakuwa wa mbele na huna wa kumwangalia ukisahau mpangilio. Na mara nyingi, baada ya mazoezi ya ufitoni, yaani plie (kukunja magoti), tendu (kunyoosha mguu sakafuni), fondu na kupiga miguu juu, muziki unasimama, mtu anasoma namba, na nusu ya ukumbi inashukuriwa na kwenda kubadilisha nguo. Dakika arobaini. Hakuna aliyeona wanavyozunguka wala wanavyoruka.

Ninaelewa kwamba jicho la mwalimu mzoefu linaona mengi kwenye tendu moja: mguu umegeuka kutoka nyongani au unadanganya gotini, uti wa mgongo uko wapi, sikio linasikia muziki au halisikii. Ni kweli. Lakini ukweli huo huo unaonekana kwenye video. Kama mtu anaweza kukataliwa kwa plie na tendu, angeweza kukataliwa akiwa kwao, bila visa na bila treni. Na wapo wanaoondolewa kwa urefu. Urefu! Umeandikwa kwenye wasifu kwa sentimita, mstari wa tatu, chini ya tarehe ya kuzaliwa. Jumba linalotafuta wa 172 liandike 172 kwenye tangazo. Kumsafirisha msichana wa 160 kilomita elfu sita ili aambiwe ni mfupi ni ukatili, na hakuna neno laini zaidi linalofaa.

Njia bora ipo tayari na haihitaji kubuniwa. Kila kundi lina darasa lake la asubuhi. Mchezaji mmoja au wawili wageni wanasimama humo, wanafanya darasa zima na wenyeji, mkurugenzi anaangalia akiwa na kikombe chake cha kahawa, na anaona jambo ambalo usaili wa watu mia hauonyeshi: huyu mtu anakaaje na wenzake, anaposahihishwa anabadilika papo hapo au kesho. Majumba kadhaa hukubali ukiomba kwa adabu na mapema. Na siku zisizo na usaili, usilale. Berlin kuna Marameo, Amsterdam kuna Henny Jurriëns, Paris kuna Centre de danse du Marais, London kuna Danceworks, zote zina madarasa ya kulipia kila siku. Siku tatu bila darasa mwili unazisema.

Video nayo irekodiwe vizuri, maana ndiyo itakayokuombea. Simu ilale kwa upana, juu ya kitu imara, kimo cha kiuno, mwili mzima uonekane kuanzia nywele hadi ncha za vidole wakati wote, bila kuvuta karibu. Adajio fupi (mwendo wa polepole), pirueti pande zote mbili, miruko midogo, miruko mikubwa, dondoo moja ya jukwaani. Dakika nne hadi tano. Sekunde thelathini za kwanza ziwe zile unazozifanya vizuri kuliko zote, kwa sababu huenda zikawa ndizo pekee zitakazotazamwa. Usianze na jina lako likielea juu ya picha ya machweo.

Nairobi imeshathibitisha kwamba wachezaji wapo. Joel Kioko alitoka mtaa wa Kuwinda, akapita Dance Centre Kenya, akafika shule ya English National Ballet huko London. Nyuma yake kuna wengine wanaofanya tendu kila jioni, na kinachowatenganisha na ukumbi wa usaili ni tarehe kwenye barua.

Kwa hiyo, mchezaji unayesoma hapa, usisubiri barua ya Alhamisi. Mwezi Novemba, pamoja na video na wasifu, ongeza aya hii: "Ninasafiri kwa visa, ambayo huchukua wiki sita hadi nane. Kama mtapenda kuniona, naomba barua ya mwaliko yenye tarehe na saini kabla ya tarehe 15 Desemba. Kama tarehe ya usaili haijapangwa, naomba niruhusiwe kufanya darasa la asubuhi na kundi lenu siku yoyote kati ya tarehe 2 na 27 Februari, nitakapokuwa Ujerumani." Iandike kwa Kijerumani au Kiingereza, itume, na baada ya siku kumi za kimya, itume tena.