Kila mtu alitaka kiti cha mlangoni

Siku ya kwanza ya tiba ya kikundi kwa wenye ugonjwa wa wasiwasi, katika kliniki moja hapa Nairobi, nilifika mapema ili nikae karibu na mlango. Moyo ukianza kwenda mbio, nichomoke bila kuulizwa. Nikakuta viti vyote vya upande ule vimeshakaliwa. Kumbe kila mtu alikuwa amepiga hesabu ileile! Tulicheka, na kicheko kile kilinifaa kuliko miaka ya kuambiwa "jikaze".

Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeandika sana kuhusu tiba hii, alihesabu jambo hilo miongoni mwa yanayoponya: mgonjwa kugundua kwamba hayuko peke yake. Mshauri nasaha anaweza kukwambia hivyo mwaka mzima usiamini. Lakini jamaa wa makamo akisema hushuka matatu Roysambu na kwenda Githurai kwa miguu kwa kuwa kifua kimembana, unaamini papo hapo.

Ushahidi pia upo. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti wa mpango wa Shamiri, uliohusisha wanafunzi 413 wa shule za upili Nairobi na Kiambu. Vikao vinne vya kikundi, vikiongozwa na vijana wasio wataalamu, vilipunguza dalili za wasiwasi na sonona kuliko vikao vya kulinganisha vilivyofundisha mbinu za kusoma.

Ila mtu mzima wa Nairobi ana mtaa, kanisa na chama cha kuweka akiba, na huko kote anajulikana. Wiki ya tatu aliingia mama mmoja, na mwenzetu aliyekuwa akizungumza akanyamaza hadi mwisho. Walikuwa chama kimoja. Mwenzetu yule hakurudi tena. Mshauri anabanwa na maadili ya kazi yake. Mgonjwa mwenzako anabanwa na ahadi ya mdomo tu.

Halafu kuna wale ambao hofu yao ni watu wenyewe. Watetezi husema kukaa mbele ya wenzako ndiyo dawa yenyewe, kwamba unachokiogopa hukabiliwa kidogo kidogo. Sawa, lakini watu wanane kwa mpigo si kidogo.

Kikundi ni nafuu kwa mfuko, na sitaki kifutwe. Ningetaka mgonjwa aonwe peke yake kwanza, aulizwe anaishi wapi, anasali wapi, yuko chama gani, ndipo apangiwe wenzake. Sisi hakuna aliyetuuliza.

Mimi nilimaliza vikao vyote. Kiti cha mlangoni sikuwahi kukipata.