Barabara ya Kagunga: ijengwe, ila ipite wapi na kwa ajili ya nani?

Kila mvua zikichanganya watu wa mwambao wa kaskazini hapa Kigoma wanarudi kwenye lile lile, barabara ya kutoka Mwandiga kupita Chankele na Mwamgongo mpaka Kagunga. Kwa asiyejua, Kagunga ni kijiji cha mwisho cha Tanzania ukienda Burundi kwa ziwa, mbele ni Tanganyika, nyuma mlima umesimama kama ukuta, na ukivuka mpaka tu Nyanza-Lac haiko mbali. Hii barabara imetajwa sana, na siku hizi nasikia watu wengi wanaitetea kwa hoja ya ulinzi, wanasema ni barabara ya kimkakati, mpaka lazima ufikike. Mimi naunga mkono ijengwe, tena nalisema kwa moyo wote. Ila hiyo hoja ya mkakati ikitangulia mbele ya zote nina wasiwasi nayo, maana sababu ya kujenga ndio inayoamua barabara ipite wapi, ipite haraka au taratibu, na baada ya kukata utepe ipewe hela ya kuitunza au iachwe.

Nianze na upande wa wanaotaka, na hapa sihitaji kwenda mbali. Mwezi wa tano 2015 Burundi ilipochafuka baada ya Nkurunziza kutangaza kugombea tena, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga. Kijiji kidogo kile, ufukwe mwembamba, vyoo hakuna, maji ya kunywa ni ya ziwa hilo hilo. Gari haifiki. Njia zilikuwa mbili, upande mlima kwa miguu na mtoto mgongoni au usubiri meli. Na meli yenyewe ilikuwa MV Liemba, ile ya Wajerumani iliyoshushwa majini 1915, ilikuwa inabeba kama watu 600 kwa safari moja kuwaleta Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia na watu karibu 30 wakafa, na ni ugonjwa ambao ukiwahi dripu na maji safi unapona. Sasa mtu akiniambia Kagunga haina haja ya barabara kwa sababu watu ni wachache namuuliza, siku ile watu walikuwa wachache? Jirani zetu hawajatulia, Congo ndio hiyo ng'ambo ya ziwa, mwaka 2025 waasi wa M23 walichukua Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Mkoa huu umepokea wakimbizi tangu 1972, ukaja 1993, ukaja 1996, ukaja 2015. Kwa historia hiyo kupanga kana kwamba haitatokea tena ni kujidanganya.

Halafu kuna maisha ya kila siku ambayo hayatangazwi popote. Mama mjamzito akizidiwa usiku Mwamgongo au Kagunga anapandishwa boti ya mbao, injini moja, giza, kuelekea mwalo wa Kibirizi pale mjini ndio atafutiwe usafiri wa hospitali ya Maweni. Ziwa likiwa shwari sawa. Ila upepo wa kusini ukivuma, ile miezi ya sita mpaka ya nane, nahodha mwenyewe anakataa kutoka na hana kosa maana anajua mawimbi ya hapa. Na tangu 2024 ziwa linafungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, jambo ambalo mimi nalikubali kabisa maana dagaa na migebuka zilikuwa zinaisha, lakini kwa miezi hiyo mitatu mvuvi wa huku anaambiwa akalime. Alime nini na auze wapi? Mihogo yake na mawese yake yanategemea boti ile ile. Ukimwambia mtu apumzishe ziwa lazima umpe njia ya nchi kavu, vinginevyo atarudi majini usiku kwa kuiba.

Hoja ya biashara kubwa mimi siikubali, samahani kwa wanaoipenda. Nasikia inasemwa eti Kagunga itakuwa lango la Burundi. Lango la Burundi upande huu lipo tayari, ni Manyovu, lami ya kutoka Kigoma inafika pale, ukivuka ni Mugina, na ule mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu wa kilomita 260 ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliupitishia hela 2018 pamoja na kipande cha Rumonge–Gitaza kule Burundi ndio ulilenga hiyo mizigo. Juu ya hapo inakuja reli ya SGR kutoka Uvinza kwenda Musongati kule Burundi, mkataba umesainiwa mwanzoni mwa 2025. Lori la makontena halitaacha Manyovu lije lishuke na mlima wa Kagunga, hakuna dereva wa hivyo. Kitakachopita Kagunga ni biashara ndogo, dagaa wakavu, nguo, sabuni, ndizi, mawese, mama wa Nyanza-Lac anayekuja sokoni na kurudi jioni. Hiyo ni biashara halali na inalisha watu wengi, ila ukishaijua hivyo unajua huhitaji barabara ya lori la tani 30, unahitaji barabara ambayo Hiace na ambulensi zinapita mwezi wa tatu mvua ikiwa inanyesha. Tofauti ya gharama hapo ni kubwa mno na tofauti ya mlima utakaokatwa ni kubwa zaidi.

Sasa ulinzi. Wanaosema barabara inaleta usalama wana ushahidi wao na ni wa hapa hapa nyumbani. Waliosafiri Kigoma kwenda Kibondo na Nyakanazi enzi zile za vumbi wanakumbuka mabasi kusindikizwa na askari wenye bunduki, majambazi walikuwa wanasubiri pale ambapo gari lazima lipunguze mwendo kwa ajili ya mashimo au mlima. Barabara mbovu ilikuwa inawafanyia kazi wao. Kwa hiyo ni kweli doria inayofika haraka inasaidia. Lakini barabara haichagui wa kumbeba, magendo nayo yatapita, na kuna kitu kingine ambacho watu wa Dar hawakijui: sisi Waha wa mpakani tumezoea kuulizwa uraia. Bibi ana miaka 70, kazaliwa Kalinzi, anaongea Kiha kinachofanana na Kirundi, anashushwa kwenye gari athibitishe yeye ni Mtanzania. Barabara ikijengwa kwa jina la ulinzi vizuizi vitafuata, na kama havitawekewa utaratibu tutakuwa tumemtoa yule mama kwenye hatari ya mawimbi tumempeleka kwenye kunyanyaswa kila kilomita kadhaa. Hilo lizungumzwe sasa, wananchi wakiwepo, kabla katapila halijawashwa.

Mataifa makubwa yamejenga barabara za mkakati milimani na tunaweza kujifunza kwao. China na Pakistan walijenga Karakoram Highway, ikaanza kutumika miaka ya mwisho ya 70, mamia ya wafanyakazi walikufa kwenye ujenzi. Mwezi wa kwanza 2010 mlima ukaporomoka pale Attabad, ukaziba mto, likatokea ziwa, barabara ikazama na kwa miaka mitano watu na mizigo wakawa wanavushwa kwa boti mpaka mahandaki yalipokamilika 2015. Fikiria, barabara yenye majeshi mawili nyuma yake na hela yote ile. Na ile ya Wachina kupita Aksai Chin, eneo ambalo India inasema ni lake, miaka ya 50, India ilipoigundua ikawa sehemu ya ugomvi uliofika kwenye vita ya 1962. Sisi na Burundi hatuna ugomvi wa hivyo na Mungu atuepushe, ninachosema ni kwamba jirani anaangalia unajenga nini mpakani na unakiitaje.

Mlima wetu sio mrefu kama wa kule ila ni mkali. Kutoka usawa wa ziwa, mita 770 hivi, unapanda mpaka kama 1,500 ndani ya kilomita chache tu, ni ukingo wa Bonde la Ufa ule. Huku mvua inaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja inaenda mpaka wa nne, wa tano. Ukikata mteremko wa namna hiyo ukaweka moramu bila mitaro ya mawe, makalavati ya kutosha na kuta za kuzuia udongo, msimu mmoja tu unatosha, barabara inakuwa mto. Na ule udongo unaosukumwa na katapila pembeni unaenda wapi? Unashuka kwenye vijito ambavyo vijiji vya chini vinakunywa.

Na hapo katikati kuna Gombe, hapa ndipo wanaopinga wana hoja nzito kuliko zote. Hifadhi ile ni ndogo sana, kilomita za mraba hamsini na kitu, inaanzia ziwani inapanda mpaka mgongo wa mlima. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, ikawa hifadhi ya taifa 1968, na sokwe waliobaki ni kama mia moja hivi. Wamezungukwa na mashamba, wakitaka kutoka hawana pa kwenda. Shida hapa sio gari kugonga sokwe. Shida ni mkaa. Ule mgongo wa mlima upande wa mashariki ulikuwa umekwisha kabisa miaka ya 90, mpaka mradi wa TACARE wa taasisi ya Goodall ulioanza 1994 ukakaa na vijiji, vikapanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu yao wenyewe, miti ikaanza kurudi. Kazi ya wanakijiji ile, sio ya wazungu peke yao kama wengine wanavyosema. Fungua barabara pale Chankele bila kujipanga, na mji wa Kigoma Ujiji unaopika kwa mkaa uko hapo jirani, miaka mitatu utakuta visiki tu. Kuna na magonjwa, mafua ya binadamu yanaua sokwe, hilo limeshatokea Gombe na limeandikwa, na kundi la sokwe la Mitumba linaishi jirani kabisa na Mwamgongo.

Kuna wanaosema basi ipite ufukweni, ni tambarare, ni rahisi. Hapana. Ufukweni ni kuitenga Gombe na maji yake, halafu ziwa lenyewe limepanda miaka hii, tumeona nyumba na mialo ikimezwa kuanzia 2020, utajenga barabara upande wa maji ili iweje. Mgongoni kwa nje ya mpaka wa hifadhi ndiko vijiji viliko, ndiko ipite, hata kama ni ndefu zaidi.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya ndio na hapana nasema ndio, kwa masharti. Kizuizi kimoja cha mazao ya misitu pale barabara inapoanzia Mwandiga, kinachosimamiwa pamoja na kamati za vijiji vyenye ile misitu na ushuru unarudi kwao. Fidia ya michikichi ilipwe kabla, maana mchikichi unachukua miaka kuanza kuzaa na ndio kiinua mgongo cha mzee wa huku. Hela ya mitaro isikatwe pale bajeti ikibana, bora lami isubiri. Na boti ya wagonjwa, ya uhakika, yenye injini mbili, iwekwe Kagunga mwaka huu huu bila kusubiri mkandarasi, kwa sababu barabara hata ikianza kesho itachukua miaka, na kuna mama Mwamgongo atajifungua mwezi ujao.