Maua ya Shanga kwenye Viatu vya Wakri: Je, Ni Sanaa ya Kuazima?

Kila viatu vya jadi vya Wakri, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, vinapojadiliwa, hurudi hoja kwamba mokasini zile za ngozi laini, zilizotariziwa maua ya shanga, si sanaa yao hasa, kwa kuwa kinachovutia macho ndani yake kilitoka Ulaya. Hoja hiyo ina mashiko. Shanga za kioo zilitoka Venice na Bohemia, zikaletwa na wanunuzi wa manyoya, wakiwemo wa kampuni ya Hudson's Bay iliyoanzishwa mwaka 1670. Watawa wa Ursuline, waliofika Quebec mwaka 1639, walifundisha wasichana kutarizi maua. Tena viatu vingi vilishonwa kwa ajili ya kuuzwa.

Lakini anayeishia hapo ameacha kuitazama ngozi yenyewe. Ngozi ya musi, mnyama mkubwa wa misitu ya kaskazini mwenye pembe pana, hukwanguliwa nyama na manyoya, hupakwa ubongo wa mnyama, huvutwa kwa nguvu mpaka ilegee, kisha hufukizwa moshi wa kuni zilizooza. Moshi huo ndio unaoiwezesha ngozi iliyolowa kukauka bila kukakamaa, na ndio unaoipa rangi ya hudhurungi na harufu isiyotoka upesi. Ujuzi huo haukuletwa na merikebu yoyote. Hata kutarizi hakukuanza na shanga: miiba ya nungunungu ilikuwa ikilainishwa, ikitiwa rangi na kushonewa kwenye ngozi, kwa hiyo kioo kilikuta mikono iliyokwisha kufuzu. Shanga za Venice zilipita Zanzibar pia katika karne ya 19 zikielekea bara, na sijasikia mtu akidai kwamba urembo wa shanga wa Wamasai ni wa Wataliano.

Maana ya viatu hivi huonekana zaidi vinapotumiwa. Kwa Wakri wa mashariki mwa ghuba ya James Bay, mtoto aliyeanza kutembea hutolewa hemani kwa sherehe, amevikwa mavazi mapya na mokasini, ndipo akanyage ardhi ya nje kwa mara ya kwanza.

Tena kuna jambo la mwaka 2012, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Christi Belcourt, msanii wa Wametis, jamii yenye udugu wa damu na Wakri, aliomba jozi 600 za vipande vya juu vya mokasini, vile vinavyobeba shanga, kuwakumbuka wanawake wa asili waliouawa au kutoweka. Zilikuja zaidi ya 1,700, kutoka jamii nyingi. Vipande hivyo viliachwa makusudi bila kuunganishwa kuwa viatu, kwa sababu maisha ya wenyewe yalikatizwa. Walioviona walielewa bila kufafanuliwa, kwani kipande kile kinadai mguu, na mguu haupo. Pambo lililoigwa tu lisingeweza kubeba msiba wa namna hiyo.

Biashara na watawa wabaki katika historia ya viatu hivi, maana ni kweli tupu. Kasoro iko kwenye makabati ya makumbusho, ambako jina la mkusanyaji mara nyingi limehifadhiwa, huku la mwanamke aliyelainisha ngozi na kushona halipo. Hilo ndilo linalostahili kutafutwa kwanza, kupitia kwa wazee wa jamii ambazo viatu hivyo vilichukuliwa.