Presha ya kushuka au presha ya chini?

Mama mdogo alikaa kwenye mkeka, akashika paji la uso, akasema, "Presha yangu imeshuka." Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Mtoto akatumwa dukani kuleta soda, mwingine akakoroga kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji. Mama mdogo akanywa yote. Jioni tulipomfikisha zahanati, nesi alimfunga mkanda mkononi, akapima: 178 kwa 104. Presha ilikuwa juu, nasi tumemnywesha chumvi.

Kizunguzungu hakisemi presha iko wapi. Ila neno "ya kushuka" tunalo mdomoni, jepesi, na likishatamkwa kila mtu anajiona daktari.

Kushuka ni kitendo. Kinachoshuka kilikuwa juu. Mtu ambaye miaka yote anasoma 88 kwa 58, analima, analala vizuri, presha yake haijashuka kutoka popote. Ni ya chini, basi, na mara nyingi haimdhuru. Lakini aliyeamka na 130 kwa 80, akaharisha mchana kutwa hadi akafika 80 kwa 50, huyo imeshuka kweli, na ni wa kukimbizwa hospitali. Sisi tunawaita wote wawili "wana presha ya kushuka".

Hata neno "ya kupanda" lina madhara yake. Mgonjwa anapimwa, inaonekana nzuri, anasema "imeshuka" na vidonge anaviacha. Kumbe ni vidonge vilivyoishusha.

Kwingine tunasema vizuri tu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, watabiri wa hali ya hewa walituzoesha "mgandamizo mdogo wa hewa". Fundi wa matairi anasema "upepo mdogo", na wa makini hajazi kabla ya kuweka geji.

Kwa damu napendelea "presha ya chini", ingawa nayo ina utata wake: nesi akisema "ya chini ni 104" anataja ile namba ya pili, na mgonjwa anaweza kutoka pale akiamini presha yake ni ndogo. Ndiyo maana nang'ang'ania namba zitajwe zote mbili.

Siku hizi nikimpigia mama mdogo simu, kabla hata ya salamu za watoto, ananiambia, "Leo 134 kwa 82, mwanangu."