Kuhakiki kitabu cha upande wako

Kitabu kinachomtaabisha mhakiki kuliko vyote ni kile anachokubaliana nacho kwa kila neno huku anasinzia. Tuseme riwaya inamhusu mwanamke aliyechoshwa na mfumo dume. Hoja yake ni ya haki kabisa, ila wahusika wanazungumza kana kwamba wako jukwaani, na kila mwanamume aliyemo ni shetani mtupu tangu sura ya kwanza. Utaandika nini? Ukisema ni kibovu, utaonekana umeipinga hoja. Ukikisifu, umemuuzia msomaji mbuzi kwenye gunia.

Wapo wanaoona jibu ni jepesi: hakiki fani, maudhui mwachie msomaji. Nao wana shahidi mzito. Mwaka 1937 Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani mweusi, alitoa riwaya yake Their Eyes Were Watching God, kisa cha mwanamke anayepitia ndoa tatu akitafuta penzi na sauti yake mwenyewe. Richard Wright, naye mwandishi mkubwa, aliihakiki katika New Masses, jarida la mrengo wa kushoto. Hukumu yake: kitabu hakina dhamira, hakina ujumbe, hakina fikra. Alitafuta humo mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, hakuyakuta kwa sura aliyoizoea, basi. Mume wa kisa hicho anayemnyamazisha mkewe mbele ya wateja dukani hakumhesabu kuwa ni siasa. (Mwaka uliofuata Hurston alipata nafasi ya kuhakiki hadithi za Wright. Hakumwonea haya.)

Hapo watetezi wa fani husema: mnaona? Mhakiki akiingia na itikadi, anaona itikadi tu.

Mimi naona shahidi huyu anawageuka. Wright hakukosea kuuliza siasa ya kitabu ni ipi. Alikosea kwa kuwa aliijua siasa ya aina moja. Na hiyo "fani tupu" tunayoambiwa tuitumie, nani aliichonga? Virginia Woolf, mwandishi Mwingereza, alilitaja jambo hili mwaka 1929: mhakiki akikuta vita kitabuni, hukiita kitabu kizito, akikuta hisia za wanawake sebuleni, hukiita chepesi. Halafu kipimo hicho kinaitwa ubora. Mwaka 1991 orodha ya mwisho ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza, ilikuwa na vitabu sita, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mwanamke. Manung'uniko yaliyofuata ndiyo yaliyozaa tuzo ya riwaya za wanawake, iliyoanza kutolewa mwaka 1996. VIDA, shirika la Marekani linalotetea wanawake katika fasihi, lilipohesabu uhakiki wa mwaka 2010, lilikuta jarida la New York Review of Books limehakiki waandishi wanaume zaidi ya 300 na wanawake wasiofika 60. Sidhani kuna mhariri aliyekaa akapanga njama. Pengine kila mmoja aliamini anachagua vitabu vizuri tu.

Sisi wenyewe tuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyopigwa marufuku shuleni kwa madai kwamba ni chafu, kisha miaka ikapita ikawa kitabu cha kufundishia. Walioizuia waliziona dhambi za binti. Baba aliyemlea kwa kiboko, mpaka akawa hajui kusimama mbele ya mwanamume yeyote, hawakumshughulikia sana.

Kwa hiyo katika riwaya nawaunga mkono wanaouliza maswali ya siasa, kwa sharti moja: maswali yatoke ndani ya kisa. Badala ya kuuliza "je, mwandishi yuko nasi?", nauliza nani anapewa nafasi ya kuwaza katika kitabu hiki na nani anasogezwa tu kama kigoda. Swali hilo linamkamata hata mwandishi wa upande wangu. Yule shetani mtupu wa sura ya kwanza ni kasoro ya fani na ya siasa kwa pamoja, kwa sababu mfumo dume unaoendeshwa na mashetani peke yao ungekuwa umeshakufa zamani. Unaishi kwa sababu unaendeshwa na watu wapole, wanaopendwa na watoto wao.

Vitabu visivyo vya kubuni vina mizani nyingine, na hapa sina huruma. Mwaka 2019 Naomi Wolf, aliyejipatia jina kwa maandishi ya kutetea wanawake, alitoa Outrages, kitabu kuhusu jinsi mapenzi ya jinsia moja yalivyoadhibiwa Uingereza katika karne ya 19. Akiwa kwenye mahojiano ya redio ya BBC, mtangazaji Matthew Sweet alimwonyesha kwamba ameelewa vibaya maneno ya kisheria "death recorded". Wolf alidhani yana maana ya mtu kunyongwa. Kumbe yalimruhusu hakimu kuiandika adhabu ya kifo bila kuitamka, na kwa kawaida mtu huyo hakunyongwa. Mchapishaji wa Marekani aliliondoa toleo lake. Mateso yenyewe yalikuwapo na ushahidi wake upo, ila wenye chuki sasa walikuwa na kisa cha kuchekea. Angelibanwa na msomaji mkali kabla ya kitabu kutoka, asingeumbuka hewani.

Bado nasitasita kwenye jambo moja. Wahakiki wengi, wakikuta kitabu dhaifu cha mwandishi mchanga, hukiacha kimya wakidhani ni ustaarabu. Kwa mwandishi anayehakikiwa kila mahali, kimya cha mtu mmoja hakimpunguzii kitu. Kwa yule ambaye kurasa za uhakiki hazimhesabu tangu mwanzo, kimya ni kaburi. Riwaya ya Hurston ilikaa miaka mingi bila kupatikana madukani, hadi ilipochapishwa upya mwaka 1978. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1960, na kaburi lake halikuwa na jiwe la jina mpaka mwandishi Alice Walker alipoliweka, mwaka 1973.