Sala ya ratiba na sala ya moyo katika dini ya Kiyahudi

Katika Mishna, sheria za marabi zilizokusanywa mnamo mwaka 200, Rabi Eliezer anasema anayeifanya sala yake kuwa keva, yaani kazi ya ratiba, sala yake si kuomba. Kauli hiyo imo katika sura ileile inayopanga saa za kusali.

Mvutano huu wa ratiba na moyo unaonekana zaidi kwenye Amida, sala kuu ya Wayahudi, inayosaliwa mara 3 kwa siku, mtu amesimama miguu imebana, kwa baraka 19 siku za kawaida, zenye maneno yaliyopangwa. Amida ya asubuhi ina mwisho wake: saa 4, zikihesabiwa tangu macheo kama sisi Waswahili tunavyohesabu. Wahasidi, Wayahudi wa harakati ya uchaji iliyoanza karne ya 18, walilaumiwa kwa kuupitiliza muda huo wakingoja moyo utulie. Hoja yao ilikuwa nzito. Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliamua kwamba sala isiyo na kavana, nia ya moyo, si sala, irudiwe. Rabi Moses Isserles wa Krakow, Poland, karne ya 16, akasema siku hizi haturudii, maana hata mara ya pili huenda mawazo yatatangatanga vilevile.

Sala ya wajibu nayo inaujua udhaifu wa ulimi. Pasaka ya Kiyahudi ikifika, maneno ya kusifu mvua huondolewa katika baraka ya 2. Ndani ya siku 30 za mwanzo, msalaji asiyekumbuka alisema nini huhesabiwa kuwa ameyataja kwa mazoea, na huianza Amida upya. Kinga yake ni kukariri kipande hicho, bila maneno ya mvua, mara 90, sawa na sala 3 za kila siku kwa siku 30.

Nafasi ya moyo ipo pia: katika baraka ya kuomba sala isikilizwe, mtu huingiza shida yake kwa maneno yake mwenyewe. Naona ni nafasi inayosahaulika mno. Wengi huipita mbio, na hapo ndipo Rabi Eliezer anapata haki yake.

Hata hivyo naegemea upande wa wajibu, kwa sababu ya mfiwa. Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu inayosemwa miezi 11 kwa ajili ya mzazi aliyefariki, haisemwi bila watu wazima 10. Kila mmoja akingoja asukumwe na moyo, asubuhi ya baridi watafika 7, na mfiwa atarudi nyumbani hajaisema.